Meza ya Fundi: Mpangilio wa chipu yako unakaa wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinaanza na "nilibofya tu" na kuishia na chipu iliyonuna. Kabla sijazifungua, niseme jambo ambalo utaliona likijirudia kwenye majibu. Mtu akiniletea chipu ya lojiki yenye matatizo, simuulizi alibofya nini. Namuuliza mpangilio alioubadilisha unakaa wapi. Upo unaokaa kwenye shaba ya bodi, yaani pini iliyofungwa kwenye volti au kwenye ardhi. Upo unaokaa ndani ya faili, na huo hubadilika ukitengeneza faili jipya. Upo unaokaa kwenye kumbukumbu inayofutika. Na upo unaochomwa kwenye fyuzi ndani ya silikoni, ambao hata kiwanda kilichoitengeneza chipu hakiwezi kuurudisha. Kwenye skrini ya kompyuta mingi kati ya hiyo hutokea kama visanduku vya kutia tiki, vimepangwa safu moja, vinafanana kama pacha. Hapo ndipo watu wanapoumia.

*

*Shikamoo fundi. Nina bodi ya kujifunzia yenye Artix-7, ile ndogo ya XC7A35T. Nikichomeka kebo ya JTAG na kupakia faili langu, taa zinawaka ninavyotaka. Nikizima na kuwasha, hakuna kitu. Nimeuziwa chipu mbovu?*
– Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

Marahaba, mwanangu. Chipu yako ni nzima. Ni msahaulifu tu, na ndivyo ilivyoundwa. FPGA (chipu za lojiki ambazo mtumiaji huzipangia saketi mwenyewe) za aina hii, tangu ile XC2064 ya Xilinx ya mwaka 1985, huweka mpangilio wake kwenye SRAM, kumbukumbu ambayo ikikosa umeme hubaki tupu. Ndiyo maana pembeni yake kuna kachipu kadogo ka flashi ya SPI, kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika, ambako kazi yake ni kuikumbusha kila inapowashwa. Wewe, kwa kebo ya JTAG (njia ya kuprogramu na kukagua chipu kupitia pini nne), umekuwa ukipakia faili la .bit moja kwa moja kwenye SRAM. Kwa majaribio hakuna njia bora kuliko hiyo, lakini haiachi chochote.

Tengeneza faili la flashi, .mcs au .bin, kutokana na .bit hilo hilo. Liandike kwenye flashi kupitia kebo ile ile, kisha zima bodi kabisa na uiwashe. Wanaotumia Quartus, programu ya chipu za Altera, wana tofauti hiyo hiyo kwa majina mengine: .sof huenda kwenye SRAM, .jic huenda kwenye flashi.

Kama bado imenuna, achana na skrini, tazama bodi. Pini tatu, M2, M1 na M0, ndizo zinazoiambia chipu ikatafute wapi mpangilio wake inapoamka. Kwa flashi ya SPI zinatakiwa zisomeke 001. Zikisomeka 101, chipu itasubiri JTAG hadi kiama. Bodi nyingi za kujifunzia zina jampa kwa ajili hiyo, na jampa hupenda kuhamishwa na aliyeitumia bodi kabla yako. Huu ndio ule mpangilio wa shaba. Hakuna kubofya kutakakoubadilisha.

Ukiwa na osiloskopu, weka proba kwenye CCLK, pini ya mapigo ya kusomea flashi, kisha uwashe bodi. Kimya kabisa? Rudi kwenye pini za M. Mapigo yanapita lakini taa ya DONE, ya kuonyesha kwamba mpangilio umekamilika, haiwaki? Basi shida iko kwenye yaliyomo. Pini ya INIT_B ikishuka wakati huo, chipu imesoma faili, ikakagua hesabu ya CRC (ya kugundua makosa), ikaona haikubaliani. Fungua faili la .bin kwa programu ya kuonyesha heksa: utakuta safu za FF, kisha mbele kidogo AA 99 55 66. Hizo baiti nne ndizo chipu inazozivizia ili ijue kwamba mpangilio umeanza. Isome flashi yenyewe na uzitafute humo. Zikikosekana, hukuiandika flashi, hata kama programu ilikupongeza.

Kuna jingine la kukagua iwapo mradi uliurithi kwa mtu: mapigo ya kuanzishia. Faili likitengenezwa na JTAGCLK (mapigo ya kebo) badala ya CCLK, litafanya kazi kwa kebo na litakwama mlangoni likitoka kwenye flashi.

*

*Fundi, mimi hatua ya flashi nimeivuka, na chipu ni hiyo hiyo. Tatizo langu ni kwamba hukaa kama sekunde 6 kabla haijafanya chochote. Kompyuta inayobeba kadi yangu inakuwa imeshamaliza kuhesabu kadi zake na yangu haimo.*
– Mwenye kadi isiyoonekana

Piga hesabu nami. Faili la XC7A35T lina biti 17,536,096. Usipogusa kitu, chipu huisoma flashi kwa mapigo ya MHz 3, biti moja kwa kila pigo. Gawanya: sekunde 5.8. Sekunde zako 6 ndizo hizo, hazina mchawi.

Kwenye Vivado, programu ya kutengenezea mafaili ya chipu hizi, weka BITSTREAM.CONFIG.SPI_BUSWIDTH iwe 4 na BITSTREAM.CONFIG.CONFIGRATE iwe 33, na muda utashuka hadi karibu milisekunde 133. PCI Express (PCIe), njia inayounganisha kadi na kompyuta, inataka kadi iwe tayari ndani ya takriban milisekunde 100 baada ya umeme kutulia, kwa hiyo bado hujafika. Kwa 66 utafika, lakini angalia: mapigo hayo hutoka ndani ya chipu na yanaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 50 juu au chini. Ukiandika 66, flashi inaweza kukutana na 99. Soma karatasi ya data ya flashi kwanza. Mimi kwa kadi ya PCIe huweka oscillator ya nje kwenye pini ya EMCCLK na kuondokana na bahati nasibu hiyo. Kubana faili kwa BITSTREAM.GENERAL.COMPRESS nako husaidia, mradi saketi yako haijaijaza chipu. Kadiri inavyojaa ndivyo faida inavyoyeyuka.

Upana wa waya 4 unatajwa mahali pawili: kwenye faili la .bit na tena unapotengeneza faili la flashi. Zisipolingana, programu itakukatalia, na ujumbe wake wa kosa haueleweki vizuri mara ya kwanza.

*

*Vivado inanionya kila siku kuhusu CFGBVS na CONFIG_VOLTAGE. Bodi inafanya kazi. Nipuuze?*
– Mvivu wa kusoma maonyo

Usipuuze. Onyo lenyewe linadai mistari miwili tu kwenye faili la masharti, lakini pini halisi ya CFGBVS, inayoiambia chipu volti ya pini za kupakia mpangilio, iko kwenye shaba. Benki 0, yaani kundi la pini hizo, ikiwa na volti 3.3 au 2.5, pini ya CFGBVS hufungwa kwenye VCCO_0, umeme wa benki hiyo. Ikiwa na 1.8 au chini, hufungwa ardhini. Aliyeifunga ardhini huku akilisha volti 3.3 anaweza kuiua chipu taratibu. Fungua mchoro wa saketi, thibitisha, andika mistari, onyo litanyamaza.

*

*Fundi, nina bodi ya zamani yenye Cyclone II. Nimeandika kodi ndogo tu ya kuhesabu na kuwasha taa. Chipu inapata moto kiasi cha kutogusika, wakati saketi yangu haifiki hata asilimia moja ya chipu. Mradi niliunakili kutoka toleo la kale la Quartus.*
– Aliyeunguza kidole

Pole na kidole. Kinachoiunguza chipu ni zile pini ambazo hukuandika chochote juu yake. Matoleo ya zamani ya Quartus yalikuwa na desturi ya kuzifanya pini zisizotumika kuwa matokeo yanayovuta ardhini. Kwenye bodi tupu hakuna ubaya. Kwenye bodi yako, angalia chipu ya RS-232 pale pembeni: mguu wake unaopeleka data kwenye FPGA hukaa juu wakati laini imetulia. Yenyewe inasukuma juu, FPGA yako inavuta chini, mchana kutwa. Ongeza chipu ya Ethernet na nyingine zenye matokeo, moto wako umeupata.

Nenda kwenye mipangilio ya kifaa na pini, sehemu ya pini zisizotumika, uchague ziwe maingizo yenye rezista dhaifu ya kuvuta juu. Tengeneza faili upya. Mpangilio huu unakaa ndani ya faili, kwa hiyo tiba ni ya dakika chache, ila chipu iliyopikwa kwa muda mrefu usiitumie kwenye kazi ya mteja.

Kwa upande wa Vivado, pini zisizotumika huvutwa chini usipoamua vinginevyo. Kama kuna chipu jirani inayowashwa na sifuri, hiyo rezista ya kuvuta chini inaweza kuiwasha bila wewe kujua.

*

*Salaam fundi mwenzangu. Nimeletewa mashine ya kale ambayo kampuni iliyoitengeneza haipo tena. Ndani kuna GAL16V8 iliyoanza kusuasua. Niliisoma kwa programa, nikapata faili la JEDEC, nikaliandika kwenye chipu mpya. Mashine haitambui. Nikilitazama faili, fyuzi zote ni namba moja ileile inayojirudia.*
– Fundi wa mitambo

Salaam. Umesoma mlango uliofungwa. GAL, chipu ndogo za lojiki zinazofutika, zina seli ya usalama. Ikishawekwa, programa (kifaa cha kuandikia chipu) haioni tena ramani ya fyuzi, inaona ukuta. Hapa "fyuzi" ni jina la kale tu; za GAL hufutika. Seli hiyo hufutika, lakini hufutika pamoja na kila kitu, kwa hiyo usijaribu "kuifungua" chipu ya asili kwa kuifuta. Ukifanya hivyo umeizika.

Kitu kimoja bado kinasomeka: sahihi ya mtumiaji, biti 64 ambazo GAL16V8 huzitoa hata ikiwa imefungwa. Zisome kama herufi. Watengenezaji wengi waliandika humo namba ya toleo, na namba hiyo inaweza kukufikisha kwenye mchoro au kwa mtu mwenye kopi.

Ukikosa, chipu yenyewe itakuambia, mradi inapumua. GAL16V8 haiwezi kuwa na maingizo zaidi ya 16, kwa hiyo michanganyiko yote ni 65,536. Bodi ndogo ya kidhibiti inaipitia kwa muda mfupi na kuandika majibu. Kwanza fuatilia nyaya za mashine ujue pini ipi ni ingizo na ipi ni tokeo, maana ukisukuma tokeo utaiumiza. Ukiona mchanganyiko uleule unatoa jibu tofauti mara ya pili, ndani kuna rejista au kitanzi kinachoshika hali, na hapo kazi inageuka kuwa ya siku kadhaa: itabidi uandike pia hali iliyotangulia, na pengine uitazame mashine ikifanya kazi kwa kichanganuzi cha lojiki. Inawezekana. Si ya kuifanya huku mteja amesimama.

Ukishapata milinganyo, fungua faili jipya la JEDEC kwa kihariri cha maandishi. Ni maandishi matupu: QF2194 ni idadi ya fyuzi, mistari ya L ni fyuzi zenyewe, na ukiona G1 mahali popote, faili linaiamuru programa ifunge seli ya usalama. Ifanye G0. Mashine isiyo na mwenyewe haihitaji kufungiwa mara ya pili. Anayekuja kuitengeneza baada yako atakushukuru. Na kwa wanaofunga makusudi: programa huhakiki kwanza, kisha hufunga. Ukihakiki tena baada ya hapo, itakataa. Chipu haijaharibika.

*

*Habari ya kazi, fundi. Tunatengeneza kidhibiti cha mashine kwa Artix-7 na tunakaribia kuanza uzalishaji. Bosi anataka chipu "ifungwe kabisa" isinakiliwe. Mwenzangu anasema READBACK.SECURITY ya Level2 inatosha. Mimi nataka kuchoma ufunguo kwenye eFUSE. Halafu nikasoma kuhusu Starbleed nikabaki njia panda. Kama usimbaji umeshavunjwa, tunahangaika nini?*
– Mhandisi wa bidhaa

Salama, dada. Nianze na mwenzako, kwa heshima zote. Mpangilio anaoutaja unazuia mtu asisome yaliyomo ndani ya FPGA kwa kebo. Mwizi hana haja ya kuyasoma huko. Atabana klipu kwenye miguu ya flashi, asome faili zima, alinunulie chipu inayofanana. Ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta. Mpangilio huo una maana kwenye chipu zenye flashi yake ndani, kama MAX 10 au MachXO2. Kwenye Artix-7 yenye flashi ya nje, ukuta ni usimbaji.

Sasa ufunguo. Artix-7 husimbua kwa AES ya biti 256 na kukagua uhalali kwa HMAC ya SHA-256, na ufunguo una makao mawili. BBRAM ni kumbukumbu inayolindwa na betri kwenye pini ya VCCBATT: unaandika, unafuta, unaandika tena. Betri ikifa bidhaa imekata kauli, na mteja wako hatajua kama ni betri. eFUSE, zile fyuzi za kuchomwa ndani ya silikoni, haihitaji betri, na haina msamaha. Fanyeni maendeleo na majaribio yote kwa BBRAM, hadi mchakato mzima wa kiwandani upite bila kuguswa na mkono wako wewe mwenyewe. Mtu wa laini ya uzalishaji ndiye aufanye. Baada ya hapo ndipo mguse fyuzi.

Mkiwasha hatua za kuchoma eFUSE, baada ya ukurasa wa ufunguo mtafika kwenye biti za udhibiti. Hapa punguzeni mwendo. Kuna biti inayozuia ufunguo usisomwe wala kuandikwa upya, R_EN_B_Key. Hiyo chomeni, ufunguo unaosomeka kwa JTAG si ufunguo. Kisha kuna CFG_AES_Only, inayoamuru chipu ikatae faili lolote lisilosimbwa kwa ufunguo wa eFUSE. Bila biti hii, chipu yenu italinda siri yake lakini itakubali pia faili lisilosimbwa la mtu yeyote. Ikiwa hofu yenu ni kunakiliwa tu, hilo halina shida. Ikiwa mashine inaweza kumuumiza mtu kwa kupakiwa faili geni, basi mnaihitaji.

Ila jueni mnachokinunua. Programu ya Vivado huandika flashi kupitia FPGA kwa kuipakia kwanza faili dogo la daraja, na daraja hilo halijasimbwa. Mkishachoma CFG_AES_Only, njia hiyo imekufa. Flashi iwe imeandikwa kabla, au muwe na njia nyingine ya kuifikia. Mtengenezaji pia hapokei tena chipu ya namna hiyo ikirudishwa kwa hitilafu, maana hana namna ya kuipima. Na ufunguo ukipotea, bodi ni ya kuning'iniza ukutani.

Kuhusu ufunguo kupotea. Tafuteni faili linaloishia na .nky. Msipompa Vivado ufunguo, atautunga mwenyewe na kuuandika humo, kwa maandishi yanayosomeka na yeyote: mstari wa AES, mstari wa HMAC, mstari wa thamani ya kuanzia. Hukaa kando ya faili la .bit, kwenye folda ile ile ambayo watu huifuta wakitaka kujenga upya, na ambayo watu huituma nzima kwenye hazina ya kodi. Yaani siri ya bidhaa nzima iko mahali pa kufutwa kwa bahati mbaya au kugawiwa kwa bahati mbaya. Tungeni ufunguo nje, muutunze mahali pawili, na mjenge kwa kuutaja. Bandikeni pia kwenye kila bodi ya majaribio karatasi ya ufunguo upi umo. Namba ya ufunguo, si ufunguo.

Starbleed ni kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum na Taasisi ya Max Planck ya usalama na faragha, Ujerumani, walionyesha kwamba chipu za 7-series (ukoo wa Artix-7 na Kintex-7) na Virtex-6 zinaweza kufanywa zijisaliti. Faili lililosimbwa hubadilishwa kidogo, kwa namna ambayo AES ya mtindo wa CBC haiwezi kuitambua. Chipu husimbua, neno moja la biti 32 huelekezwa kwenye rejista iitwayo WBSTAR, na rejista hiyo haifutiki chipu inapojiwasha upya. Mshambuliaji huisoma kwa JTAG, anarudia, neno hadi neno. HMAC ipo, lakini hukaguliwa mwishoni, wakati siri imeshatoka. Kasoro iko kwenye silikoni, hakuna sasisho litakaloiziba. UltraScale, kizazi kilichofuata kinachotumia AES ya mtindo mwingine, AES-GCM, haikuguswa na shambulio hilo.

Msije mkakimbilia chipu zenye flashi ndani mkidhani huko ni peponi. Mwaka 2012 Sergei Skorobogatov na Christopher Woods walitangaza mlango wa nyuma walioupata kwenye ProASIC3 ya Actel, kwa njia hiyo hiyo ya JTAG.

Kwa hiyo msimbe, na msiiamini sana. Mwenye klipu na saa moja ya nafasi atazuiwa, na huyo ndiye mwizi wa kawaida. Mwenye maabara na subira ataingia. Kinachofuata ni uamuzi wa usanifu: ndani ya faili la FPGA msiweke neno la siri ambalo likijulikana kwenye bodi moja linafungua bodi zote. Funguo za mawasiliano ziwe za kila bodi peke yake, na zikae kwenye chipu ya usalama ya pembeni. Kiunganishi cha JTAG kitolewe kwenye bodi ya kuuza, nyaya zake zifichwe tabaka za ndani. Na kama mchoro bado haujafungwa, mwambieni bosi gharama ya kuhamia UltraScale sasa hivi, kabla hajalipia bodi.

*

*Fundi, nina ATF1504AS. Pini hazikutosha, nikazitumia zile nne za JTAG kama pini za kawaida. Iliprogramika vizuri. Sasa nataka kubadilisha mstari mmoja na programa inasema hakuna chipu.*
– Niliyekata tawi nililokalia

Umejua kosa lako, nami sina la kuongeza. Kipo cha kukufariji: mpangilio huo unakaa kwenye kumbukumbu inayofutika. Chipu za ukoo huu hurudisha JTAG zikipewa volti 12 kwenye pini ya OE1 wakati wa kufutwa. Pitisha volti hizo kwenye rezista, na itoe chipu kwenye soketi kwanza, au ukate chochote kilichounganishwa kwenye OE1, maana chipu ya volti 5 iliyo kwenye waya huo haitapona. Futa, ondoa volti 12, programu upya ukiwa umeacha JTAG wazi. Kwenye CUPL, lugha ya kuandikia lojiki ya chipu hizi, kuna mstari wa PROPERTY ATMEL unaokubali JTAG=ON; uandike hata pale unapodhani hauhitajiki.

Kwa mradi ujao, MachXO2 ina pini ya JTAGENB kwa sababu hii hasa: unatumia pini nne kama za kawaida, na ukitaka kuingia unaivuta JTAGENB juu. Iache ikifikika, hata kwa kitobo kidogo cha kujaribia.

*

*Tunasasisha FPGA zilizoko mbali kupitia mtandao. Umeme ukikatika katikati ya kuandika flashi, tunapoteza kituo. Ni Kintex-7. Tufanyeje?*
– Mlinzi wa vituo

Wekeni picha mbili, yaani mafaili mawili ya mpangilio, kwenye flashi. Ya kwanza, ya kuaminika, inakaa anwani 0 na haiguswi tena baada ya kutoka kiwandani. Kazi yake ni kuamka, kuongea na mtandao, na kuandika flashi. Ya pili, ya kazi, inakaa juu. Ile ya kwanza hutengenezwa na NEXT_CONFIG_ADDR inayoelekeza kwenye ya pili, na zote mbili huwashiwa CONFIGFALLBACK. Chipu ikiamka hurukia ya pili; ikikuta CRC mbovu au kitambulisho cha chipu nyingine, hurudi yenyewe kwenye anwani 0. Rejista inayobeba anwani ya kurukia ni WBSTAR, ile ile ya kwenye Starbleed. Iliachwa isifutike ili kazi hii iwezekane.

CRC peke yake haitoshi, kwa sababu uandishi uliokatika mwanzoni kabisa huacha eneo la FF tupu, na chipu itakaa inasubiri AA 99 55 66 ambayo haiji. Washeni kipima muda cha TIMER_CFG kwenye picha, kiirudishe chipu muda ukipita. Na andikeni kurasa za mwanzo za picha ya pili mwisho kabisa, baada ya nyingine zote kuhakikiwa.

Eneo la picha ya kwanza lifungeni kwa biti za ulinzi za flashi yenyewe, siyo kwa nidhamu ya programu yenu. Halafu, kabla kituo hakijaondoka mezani, kateni umeme makusudi katikati ya uandishi, tena mwanzoni, tena karibu na mwisho, na kila mara muone kama kinarudi mtandaoni bila kebo.